Bati Namba Tisa

Hasamba, Jumamosi, 21 Novemba 1953

Kaka Ezron amerudi kutoka Kitwe na amenipa daftari hili. Lina jalada gumu la bluu. Alisema, "Loisi, wewe husemi na watu, basi sema na hili." Mama alicheka. Mimi pia nilicheka, ingawa ni kweli.

Basi naanza. Mvua ya kwanza ilinyesha jana jioni. Leo mibuni yote imejaa maua meupe na harufu yake imeingia mpaka jikoni. Asubuhi kumbikumbi walitoka, tukaokota nusu beseni.

Mimi niko darasa la sita katika shule ya misheni, nakwenda asubuhi na kurudi jioni kwa miguu. Nyumbani tuko wawili, Mama na mimi, tangu Baba alipofariki mwaka juzi. Baba alikuwa seremala wa misheni. Nyumba hii aliijenga mwenyewe: kuta za matofali mabichi, milango mitatu ya mninga, na mabati kumi na manane aliyoyanunua Mbeya. Kabla ya kuyapandisha aliyaandika namba kwa rangi nyekundu upande wa chini, ili wasaidizi wake wasiyachanganye. Nyumba haina dari, kwa hiyo namba zinaonekana. Nilijifunza kuhesabu nikiwa nimelala chali, kabla sijaijua shule. Juu ya kitanda changu ni namba tisa.

23 Novemba

Mvua. Mtihani wa hesabu. Ezron analala mpaka saa nne, anasema mwili wake bado uko kwenye zamu ya usiku ya mgodini.

25 Novemba

Jioni Ezron ametoa habari. Anaoa. Msichana anaitwa Marita, ni Mnamwanga, wazazi wake wako ng'ambo ya Tunduma, upande wa Rhodesia, lakini ana wajomba huku kwetu. Wajomba hao watakuja kuiona nyumba kabla ya kukubali.

"Hakuna mtu anayetoa binti bila kujua ataingia mlango gani," Ezron alisema.

Ni kweli. Mama mwenyewe hutusimulia jinsi shangazi zake walivyokuja kutazama ghala na kinu kwa kina Baba kabla hajaolewa.

Nimefurahi mno. Nilimwuliza, "Kwa hiyo mtakaa hapa, wewe na Marita?"

"Tuone kwanza wakwe watasemaje, mukwai." Siku hizi anaweka *mukwai*, neno la heshima la Kibemba, mwisho wa kila neno, hata akiomba chumvi.

Mama alikuwa ameinamia shuka la kitambaa cha marekani analolishona. Nilimwuliza ni la nani. "La mkwe," akasema, akaukata uzi kwa meno.

28 Novemba

Kazi tangu alfajiri. Ezron ana mawazo mengi juu ya nyumba, nami nayaandika hapa kwa sababu yana akili.

Usirekebishe kila kitu, utafilisika. Rekebisha kile ambacho jicho la mgeni hukutana nacho kwanza: njia, kizingiti, mlango wa mbele. Toa vitu ndani, maana chumba chenye vitu vingi huonekana kidogo. (Vinu na zana za Baba tumezipeleka kwa Bibi Tabita, jirani yetu, aliyeuliza kama tunahama au tunakimbia.) Ukuta mweupe huonekana mpya hata kama ni mzee. Usipike samaki siku ya wageni. Na atakayewaonyesha wageni nyumba awe mtu mmoja, wengi wakisema watajichanganya.

"Nani atawaonyesha?" niliuliza.

"Wewe."

"Mimi siwezi, kaka."

"Watu humwamini mtoto wa shule. Sema tu yaliyo kweli."

Chokaa na misumari vimemgharimu Mama majogoo wawili na mbuzi wake jike. Hakulalamika. Tulipaka vyumba vyote. Sasa hata namba za Baba zinang'aa kwa sababu ya weupe wa chini.

Kulikuwa na kazi moja ambayo ni yangu peke yangu. Bati namba tisa lina tundu. Msumari ulikosewa siku ya kuezeka, na Baba aliliziba kwa lami aliyopewa na mafundi wa serikali waliojenga daraja. Lami hiyo hupasuka kila kiangazi, na kila mvua zikianza lazima mtu apande aipake tena. Baba alinifundisha mimi kwa sababu nilikuwa mwepesi na mabati hayakubonyea. Kopo lake bado lipo. Nililipasha moto nikapanda.

Nikiwa juu, baba mdogo Danford akapita. Huyu ni mdogo wake Baba. Baada ya msiba alitaka kumrithi Mama, naye ana mke, na Mama akamkataa mbele ya wazee wa kanisa. Tangu siku hiyo haingii kwetu. Husimama kwenye mibuni akiangalia paa letu, kisha huenda zake. Mama husema, "Anaiangalia nyumba kama fisi anavyomwangalia mbuzi mgonjwa." Amenikataza kusema naye.

Alisimama chini ya ngazi. "Imepasuka?" aliuliza.

Sikumjibu. Akaenda.

Niliposhuka nilimwuliza Ezron, "Wakwe wakiuliza kama nyumba inavuja?"

"Inavuja?"

"Nikishaipaka haivuji."

"Basi haivuji. Umesema kweli."

30 Novemba

Mvua. Mama anashona.

4 Desemba

Shule imefungwa. Nimekuwa wa pili. Mwalimu Yonathani alisema, "Loisi, siku ukipaza sauti utakuwa wa kwanza." Ezron alinibeba mabegani kuzunguka mibuni kama zamani, ingawa sasa mimi ni mzito na ni aibu. Yeye ndiye aliyenifundisha kusoma, kwenye mifuko ya sukari.

9 Desemba

Wamekuja! Naandika yote.

Walikuwa wawili, na msemaji wao ni Mzee Anyelwisye, mfanyabiashara wa Mlowo, mnene, mwenye koti la mvua ingawa kulikuwa na jua. Alitusalimia "*Ugonile*," salamu ya Kinyakyusa. Nilishangaa mjomba wa Mnamwanga awe Mnyakyusa. Ezron alininong'oneza, "Ameoa kwao." Wa pili ni fundi anayeitwa Mbonile, aliyekuwa na futi ya kukunja mfukoni.

Ezron alisema, "Dada yangu atawaonyesha." Nilianza kwa kunong'ona. Mzee Anyelwisye akainama na kuweka mkono sikioni, "Binti, mimi ni mzee, nipe sauti," na sijui nini kilitokea, sauti ikatoka.

Niliwaambia kwamba milango ni mninga uliokaushwa miaka miwili kabla ya kupasuliwa mbao. Kwamba kenchi za paa ni za mti mgumu na mchwa hajazigusa. Kwamba chemchemi nyuma ya mibuni haikauki hata Oktoba. Niliwaambia ni mibuni gani huzaa sana na ipi ni mivivu. Mbonile aligonga milango kwa kifundo cha kidole, akaifungua na kuifunga, akaipima.

"Na mabati?" Mzee aliuliza. "Ya mwaka gani?"

"Arobaini na saba, Mzee. Baba alisema ni mazito kuliko ya siku hizi."

"Ni mangapi?"

"Kumi na manane. Yana namba." Nikamwonyesha kwa kidole, moja, mbili, tatu, chumba hadi chumba. Nilipofika tisa nilipita haraka kidogo.

Alicheka mpaka tumbo likatikisika. "Ezron! Huyu angekaa dukani kwangu ningekuwa tajiri."

Walikula kuku. Hawakumwuliza Mama lolote juu ya ukoo, wala kanisa, wala tabia ya Ezron. Nadhani watu wa biashara wako hivyo. Walipoondoka Ezron alinishika mabega akasema, "Umeokoa jahazi, mukwai." Sikumbuki siku nyingine niliyojipenda kiasi hiki.

10 Desemba

Nilikwenda kwa Bibi Tabita kuomba moto. Alikuwa amekaa akipepeta ulezi, na tayari alikuwa na habari zote.

"Wakwe gani hao wanaopima milango?" alisema. "Binti yao ni mnene kiasi gani?"

"Wanataka kuona kama nyumba ni imara, Bibi."

"Sisi tulipokuja kuposa tulitazama kama mama mkwe ana meno ya kung'ata. Hatukupima mlango wake."

Wanawake wawili waliokuwa pale walicheka. Nilikasirika nikarudi bila moto.

13 Desemba, Jumapili

Ibada. Mama hakushiriki meza ya Bwana. Anasema tumbo linauma.

17 Desemba

Mvua kubwa tangu asubuhi, ukungu umeshuka hadi kwenye mibuni. Katikati ya mvua hiyo akatokea Mzee Anyelwisye peke yake, viatu mkononi.

"Karibu, Mzee, lakini mvua yote hii!" Ezron alisema.

"Nyumba hutazamwa na wapumbavu wakati wa jua," alijibu. Akaomba kigoda. Akakaa sebuleni akiangalia juu. Kisha akahamisha kigoda chumbani kwa Mama. Kisha chumbani kwangu, chini ya tisa, akakaa hapo muda mrefu kuliko kwingine. Mvua ilipiga mabati hata hatukuweza kusemezana. Nilisimama mlangoni nikiomba moyoni.

Hakukuanguka tone. Nilitaka kumwambia, "Mzee, hapo ulipokaa pana lami, na kila mwaka itatakiwa tena," maana mkwe anapaswa kujua, na Marita huenda atalala chumba hiki. Nilifungua mdomo. Ezron alinitazama. Nikaufunga.

"Nyumba kavu," Mzee alisema alipoinuka. "Tutazungumza."

Hapo Mama aliweka chini shuka lake, akatoka kwenye mvua kwenda kuleta kuni. Kuni zilikuwa zimejaa jikoni.

19 Desemba

Kupalilia mahindi. Tope hadi magotini.

25 Desemba

Krismasi. Ezron amenipa kalamu mbili za risasi. Baba mdogo Danford alimtuma mkewe alete paja la mbuzi, Mama alilirudisha. Nilimwonea aibu yule mama alivyogeuka nalo njiani, lakini nilijiambia Mama anajua anachofanya.

Jumapili, 3 Januari 1954

Sijui nianzie wapi. Nitaandika kwa mpangilio, kama tulivyofundishwa.

Baada ya ibada Mwalimu Yonathani aliniita chini ya kengele. Alikuwa anatabasamu. "Loisi, nimekuchagulia kitanda cha karibu na dirisha, ili upate mwanga wa kusomea."

"Kitanda gani, Mwalimu?"

"Cha bweni. Unaingia bweni muhula huu." Akaniangalia vizuri na tabasamu likapungua. "Kaka yako hakukwambia? Alikuja kuomba nafasi. Alisema nyumba inauzwa na mama yako anakwenda naye Kitwe."

"Alikuja lini, Mwalimu?"

"Mwezi wa kumi na moja. Ile wiki ya mvua ya kwanza."

Nilisema asante. Sijui kwa nini nilisema asante.

Njia nzima nilikuwa namwonea Mama huruma. Nilijua nimedanganywa, lakini nilidhani tumedanganywa wote wawili, na kwamba ni mimi nitakayempa habari. Nilikimbia. Nilipita mibuni, nikampita Ezron aliyekuwa anajinyoa kibarazani, nikaingia ndani.

"Mama! Ezron anauza nyumba! Wale si wakwe!"

Mama alikuwa amekaa kitandani. Hakushtuka. Ningetoa kitu chochote ili ashtuke.

Alichukua lile shuka lililokunjwa pembeni yake akanipa. Kwenye pembe alikuwa ametarizi herufi moja kwa uzi mwekundu. Kwa siku zote hizi nilidhani itakuwa M. Ilikuwa L.

"Bweni lina baridi," alisema.

Nilisimama na shuka mikononi. Ezron aliingia na povu la sabuni nusu ya uso.

"Tungekwambia," alisema. "Leo au kesho."

"Marita yuko wapi?"

"Yuko Kitwe. Tuna mtoto tayari, wa kiume. Mama anakuja kumlea."

"Kwa nini hamkuniambia?"

"Loisi, mtu hatangazi kwamba anauza mpaka ameshika mkono wa mnunuzi. Ukitangaza mapema ndugu wanajaa, kila mmoja na neno lake, na bei inaanguka. Danford angesikia angezuia."

"Mimi nisingemwambia. Siongei naye."

"Usingesema kwa mdomo," Mama alisema. "Wewe, mwanangu, uso wako husema kabla ya mdomo. Ndiyo maana wale walikuamini."

Alisema hivyo kama kitu kizuri.

Nilimwuliza Mama kama haipendi nyumba. Akasema kwamba tangu Baba afe, kila asubuhi anafungua mlango na kumwona Danford amesimama kwenye mibuni, na kila Jumapili wanawake wanamwangalia kama kiporo ambacho hakijapata mlaji. Alisema amechoka kuwa mjane wa nyumba. "Ningebaki humu, Loisi, ningekuwa mlinzi wa mabati tu."

"Na mimi?"

"Wewe una shule."

Nimesoma tena niliyoandika tarehe 28 Novemba. Ni masomo ya kuuza nyumba. Niliyaandika mwenyewe na nikasema yana akili. Na tarehe 9 niliandika kwamba nimejipenda. Nilitaka kuichana karatasi ile, lakini nikafikiri hapo nitabaki na nini cha kweli.

Mbona hawakunituma tu nipalilie? Mbona ilibidi niwe mimi wa kuwaonyesha?

5 Januari

Mzee Anyelwisye amekuja kukubaliana bei. Sikujificha, nilikaa palepale mlangoni, na hakuna aliyenifukuza.

Ezron alitaja shilingi mia tano, kwa mabati, milango, kenchi, kuta na mibuni. Alikuwa amenieleza jana, kana kwamba bado tuko darasani, kwamba bei ya kwanza lazima iwe na nyama ya kukatwa.

"Mibuni haipandi lori," Mzee alisema.

"Lakini unaona ilivyotoa maua."

"Nimeyaona. Ardhi ni ya ukoo wenu, kijana. Leo nikinunua mibuni, kesho baba yako mdogo ananiuliza nachuma miguu ikiwa kwenye ardhi ya nani. Sitaki. Nanunua ninachoweza kubeba."

"Na kuta? Kuta ni mpya, tumezipaka zote."

Mzee alicheka, bila ubaya. "Chokaa nayo haipandi lori. Huko Kitwe labda mtu hununua ukuta. Hapa ukuta ni udongo, na udongo kila mtu anao."

Walimalizia mia mbili na themanini, kwa mabati, kenchi na milango. Majogoo wawili, mbuzi jike, na nyumba nzima niliyoionyesha chumba kwa chumba, vyote bure. Na kumbe aliyekuja alikuwa na haja ya paa na milango tu.

Kwa hiyo hatakuja mtu kukaa. Nilikuwa nimeanza kujizoesha na wazo la watu wengine humu ndani, hata nilikuwa nimewapa majina watoto wao. Sasa hapatakuwa na nyumba kabisa.

8 Januari

Lori lilifika kabla umande haujakauka. Mbonile na wenzake wanne walipanda juu. Sikujua kwamba misumari hulia inapong'olewa.

Walianza na kumi na nane. Kila bati lilipoondoka, jua liliingia ndani likaangukia ukuta mweupe, na chumba kikawa na mwanga ambao hakijawahi kuwa nao. Mama alikaa jikoni akiwapikia mafundi uji.

Baba mdogo Danford alikuja mbio kutoka shambani, jembe begani. Nilidhani atapiga mtu. Ezron pia alidhani, maana alirudi nyuma hadi kwenye lori.

Danford aliweka jembe chini. Alikwenda mlangoni pa jiko. "Shemeji, ungeniambia."

"Ungekataa," Mama alisema bila kugeuka.

"Ningekataa, ndiyo. Na ungenisikia nikikataa, kisha ungeuza." Akapumua. "Lakini katikati ya mvua? Kuta za kaka zitayeyuka."

Akamgeukia Ezron. "Na wewe mwanangu, uliogopa nini? Ukoo hauli mabati."

"Ulikuja hapa kila siku kuyaangalia," Ezron alisema.

"Nilikuwa naangalia lami." Alinyoosha kidole kwenye tisa, ambalo bado lilikuwa juu. "Kaka aliukosea msumari ule mimi nikiwa nimeshika bati. Alicheka siku nzima. Niliogopa likianza kuvuja hakuna mwanaume wa kupanda. Kumbe mlikuwa naye huyu." Akanitazama.

Nilikumbuka alivyouliza chini ya ngazi, na mimi nikamnyima jibu.

Sisemi kwamba baba mdogo ni malaika. Alitaka kumrithi Mama, na alitaka kwa sauti kubwa, mbele za watu. Lakini mafundi walipokuwa wanatoa mlango wa mbele na mmoja akauachia upande, ni yeye aliyeruka kuudaka. "Taratibu! Huu ni mninga," alisema. Akaubeba mwenyewe mpaka kwenye lori, akaulaza juu ya majani ili usikwaruzike. Ezron alikuwa anahesabu noti.

Tumelala kwa Bibi Tabita. Hakunikumbusha maneno yake juu ya kupima milango. Alinipa tu ugali.

11 Januari

Mama na Ezron wameondoka na lori la kwenda Tunduma, nami nimebaki kwa Bibi Tabita mpaka bweni lifunguliwe.

Mama alinishika uso kwa mikono miwili. Kucha zake bado zina chokaa. "Nitakuita likizo ya mwezi wa sita."

Sikusema kitu. Najua anadhani ni aibu yangu ya siku zote.

Ezron alinipa shilingi ishirini za shule na akasema nikiandika barua niandike kwa herufi kubwa kwenye bahasha, posta ya Kitwe ina watu wengi. Alipopanda alipunga mkono. Mimi nilikuwa nimeshika kopo la lami, kwa sababu Bibi Tabita alikuwa amenipa nilibebe, nisingeweza kupunga.

12 Januari

Mvua.

13 Januari

Mvua.

15 Januari

Nilikwenda kuangalia. Ukuta wa chumba changu umeinama kwa ndani. Chokaa inatiririka kama maziwa mpaka kwenye mibuni. Maua yameisha, matunda yameanza kufunga, madogo kama kichwa cha pini. Baba mdogo alikuwa pale akipalilia. Tumesalimiana.

21 Januari

Hakuna mtu aliyekumbuka kwamba mwanafunzi wa bweni anatakiwa kuwa na sanduku la bati. Baba mdogo ndiye aliyeuliza, "Vitabu utavitia wapi, kwenye kapu?" Leo tumekwenda Mlowo kulitafuta.

Duka jipya ambalo Mzee Anyelwisye alikuwa analijenga limekamilika. Niliujua mlango wa Baba kabla ya kuliona jina. Nilitaka tupite, lakini mvua ilianza na baba mdogo akaingia, nami nikamfuata.

Ndani palikuwa na watu wengi waliokimbia mvua. Niliinua macho. Duka halina dari. Namba za Baba zilikuwa pale zote, nyekundu, na zote zimechanganywa: nne, kumi na saba, moja, kumi na mbili iliyopinduliwa miguu juu. Nilizisoma paa zima kama mtu anayesoma ukurasa ambao maneno yake yamemwagwa. Tisa lilikuwa juu ya magunia ya unga.

Mvua ilizidi. Tone likaanguka juu ya gunia. Kisha jingine.

Mzee Anyelwisye alitoka nyuma ya meza, akavuta gunia, akaangalia juu. "Hili bati vipi? Nilikaa chini yake siku ile na mvua kama hii, halikutoa tone!"

"Hilo linataka lami kila mvua zikianza," baba mdogo alisema. "Wakiling'oa lami inabanduka. Linajulikana."

"Mbona hamkuniambia?"

"Hakuna aliyeniuliza."

Mzee akanigeukia mimi. Aliinama na kuweka mkono sikioni kama siku ile, lakini sasa hakuwa anacheka. "Na wewe, binti? Ulinionyesha nyumba yote. Ulijua?"

Nilijua. Nilifikiri nitasema samahani, au sitasema kitu, kama kawaida yangu. Badala yake nikasikia sauti yangu ikitoka, kubwa kuliko ngurumo ya mabati:

"Na wewe, Mzee, ulikuja kwetu kama mjomba wa Marita."

Watu wote waligeuka. Mwanamke mmoja aliyekuwa anapima chumvi alisimamisha mkono. Mzee Anyelwisye aliangalia viatu vyake.

"Niliambiwa nisikwambie," alisema.

"Na mimi niliambiwa nisikwambie wewe."

Mzee alichukua debe tupu akaliweka chini ya tisa, na tone likaanza kugonga ndani yake. Baba mdogo alichagua sanduku la bati, akaliweka mezani, akalipia bila kuomba apunguziwe, akalibeba kichwani. Tulitoka ingawa mvua ilikuwa haijakatika.

Njiani alisema, "Likizo utakuja kwangu. Paa langu ni la nyasi."

Nilisema ndiyo.

25 Januari, bweni

Kitanda cha karibu na dirisha. Mvua inanyesha lakini paa hapa ni la nyasi, halina sauti, na wenzangu wanashangaa kwa nini nauliza kama mvua bado inanyesha. Kopo la lami limebaki kwa baba mdogo. Hana la kulifanyia, na hakulitupa.

Shuka lenye L nimelitandika. Sikutaka. Ni baridi huku, na sina jingine.